Kujitunza kwa Misingi ya Ayurveda Ukiwa Mombasa: Mwongozo Kamili wa Kujenga Desturi Zinazodumu

Ayurveda ni elimu ya tiba na ya maisha iliyokulia Bara Hindi kwa zaidi ya miaka 2,000, na mpaka leo inafundishwa katika vyuo vya India na kusimamiwa na wizara maalumu iliyoundwa mwaka 2014. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilianzisha kituo chake cha kimataifa cha tiba asilia mjini Jamnagar, katika jimbo la Gujarat, eneo ambalo ndilo asili ya familia nyingi za Kihindi zilizohamia Afrika Mashariki. Kwa hiyo mkazi wa Mombasa hakutani na elimu hii kama mgeni kabisa. Pepo zilizosukuma majahazi kutoka Gujarat na Kachchh zilileta pia viungo ambavyo leo hakuna jiko la Mji wa Kale linalovikosa. Isitoshe, wazee wetu wa pwani wana elimu yao ya mizaji, ya kukipima chakula kwa umoto na ubaridi wake na kuzungumza juu ya balghamu na safura, waliyoirithi kutoka tiba ya Kiyunani kupitia kwa Waarabu. Elimu hizo mbili hazina misingi mimoja, lakini aliyelelewa na bibi aliyemkataza kula kitu baridi akiwa na mafua hatapata taabu kuielewa Ayurveda.

Kinachowashinda watu wengi si kuelewa, bali ni kudumu. Mtu husoma orodha ya mambo kumi ya kufanya kila alfajiri, akanunua vifaa, akaianza Jumatatu kwa bidii, na kabla ya wiki ya pili kwisha ameacha yote. Mwongozo huu umejengwa juu ya hoja moja, kwamba desturi ya kujitunza hudumu pale inapopachikwa kwenye jambo ambalo tayari halikosi katika siku yako na katika mwaka wako, kama vile adhana, sufuria ya chai, saa ya kuvuka feri, na mabadiliko ya kaskazi na kusi. Ayurveda yenyewe imejengwa hivyo, kwa kufuata mwendo wa jua na wa majira, na ndiyo sababu inafaa kuhamishiwa hapa kwa uangalifu badala ya kunakiliwa kama ilivyoandikwa kwa ajili ya mabonde ya India.

Hatua ya kwanza: jitazame kwa wiki mbili kabla ya kubadili lolote

Kwa mujibu wa Ayurveda, kila kilichopo kimetokana na vitu vitano, navyo ni anga, hewa, moto, maji na ardhi. Ndani ya mwili vitu hivyo hutenda kazi kupitia nguvu tatu ziitwazo dosha. Vata, yenye asili ya hewa na anga, husimamia kila mwendo: pumzi, mzunguko wa damu, kwenda haja, hata mwendo wa mawazo. Pitta, yenye asili ya moto na maji, husimamia joto na usagaji wa chakula. Kapha, yenye asili ya maji na ardhi, huushikamanisha mwili, huulainisha na kuupa uzito na utulivu. Kila mtu huzaliwa na mchanganyiko wake wa nguvu hizo, na maradhi huanza pale hali yake ya sasa inapouacha mchanganyiko ule.

Dosha hazipimwi maabara, na mtu asikwambie kwamba zinapimwa. Naziona kuwa ni lugha ya kujitazama, na kwa kazi hiyo zina manufaa makubwa. Kwa sababu hiyohiyo sikushauri uanze na yale maswali ya mtandaoni yanayouliza umbo la pua na rangi ya macho ili yakupe jina la dosha yako. Chukua daftari, na kila usiku andika mambo manne tu: saa uliyolala na kuamka na jinsi usingizi ulivyokuwa, saa njaa ilipokujia na ukali wake, choo kilivyokuwa, na nguvu zako wakati wa alasiri.

Baada ya wiki mbili daftari litakuwa limeanza kusema. Usingizi wa kukatikakatika, gesi tumboni, choo kigumu, ngozi kavu na wasiwasi usio na sababu ni dalili za vata iliyozidi. Kiungulia, harara, hasira za haraka, jasho jingi na njaa isiyovumilika huhesabiwa kuwa za pitta. Uzito wa mwili wakati wa kuamka, makamasi, uvivu na kukosa hamu ya kula hadi mchana ni za kapha. Wengi wataona mchanganyiko, nalo si kosa. Chukua lile linalokusumbua zaidi sasa uanze nalo.

Zipo dalili ambazo hazistahili kutafutiwa dosha hata kidogo. Kiu isiyokwisha pamoja na kukojoa mara kwa mara, kupungua uzito bila sababu, damu kwenye choo, maumivu ya kifua, au homa isiyoshuka ni mambo ya kupelekwa hospitalini siku hiyohiyo, iwe ni hospitali kuu ya Makadara au zahanati iliyo karibu nawe. Vilevile mjamzito, mwenye kisukari, mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa figo, na yeyote anayemeza dawa kila siku, amshirikishe daktari wake kabla ya kubadili chakula au kutumia mitishamba.

Hatua ya pili: zitambue nguzo za siku yako

Ayurveda huigawa siku katika vipindi sita vya saa nne nne. Kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 ni wakati wa kapha, mwili ukiwa mzito na mtulivu. Saa 4 hadi saa 8 mchana ni wakati wa pitta, ambapo agni, yaani moto wa kusaga chakula, huwa katika kilele chake pamoja na jua. Saa 8 hadi saa 12 jioni ni wakati wa vata. Baada ya hapo mzunguko hurudi kwa mpangilio uleule: kapha hadi saa 4 usiku, pitta hadi saa 8, vata hadi alfajiri.

Mombasa iko takriban digrii 4 tu kusini mwa ikweta, na saa za jua kuchomoza na kuzama hazitofautiani kwa saa nzima mwaka mzima. Hiyo ni neema kwa anayetaka kufuata mpango huu, kwani mkazi wa Ulaya hulazimika kuupindapinda kila msimu, ilhali sisi saa ya mwili na saa ya ukutani zinakwenda pamoja mwezi wa Januari kama mwezi wa Julai.

Sasa tafuta nguzo. Kwa Mwislamu, sala tano ni nguzo zilizokwisha kusimikwa: unachokipachika baada ya Alfajiri kitapata mahali kila siku. Kwa asiye Mwislamu, adhana huisikia pia, na pamoja nayo ana kengele ya shule, chai ya kwanza, matatu ya kwenda kazini na taarifa ya habari ya usiku. Usiandike kwamba utafanya jambo fulani "asubuhi". Andika: "Nikimaliza kuswali Alfajiri, kabla ya kukunja mswala, nitakunywa maji yaliyo kwenye chupa ya chai." Sentensi ya namna hiyo, yenye tendo la zamani linalovuta tendo jipya, ndiyo nusu ya kazi.

Wafanyakazi wa zamu za usiku bandarini, hotelini na katika ulinzi hawawezi kufuata saa hizi, na hawana haja ya kujilaumu. Wao washike mfuatano badala ya saa: kuamka, haja, ulimi, maji, mafuta, kuoga, chakula kikuu katikati ya muda wao wa kuwa macho, na chakula chepesi kabla ya kulala, hata kama kulala kwenyewe ni saa 2 asubuhi.

Anza na desturi moja. Watafiti wa chuo cha University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia mpya, na katika matokeo yaliyochapishwa kwenye jarida mwaka 2010 ilionekana kwamba ilichukua wastani wa siku 66 mpaka tendo likafanyika bila kujisukuma, baadhi wakihitaji siku 18 na wengine wakikadiriwa kuhitaji 254. Kwa hiyo ile kauli ya siku 21 unayoisikia kila mahali usiitegemee. Jipe miezi miwili kwa desturi ya kwanza, na uongeze ya pili pale tu ya kwanza inapofanyika bila kukumbushwa.

Hatua ya tatu: asubuhi

Desturi rahisi kuliko zote, na ninayoipendekeza iwe ya kwanza, ni kukwangua ulimi kabla ya kupiga mswaki. Kifaa chake ni ukanda uliopindwa wa shaba au wa chuma kisichoshika kutu. Ukingo wa kijiko pia unafaa. Kiweke nyuma kadiri unavyoweza bila kutapika, ukivute mbele polepole, ukisuuze, ukarudia mara tano hadi saba pasipo kukandamiza. Utando unaotoka huhesabiwa katika Ayurveda kuwa ni ishara ya mabaki ya chakula kisichosagwa vizuri, na baada ya siku chache utaona mwenyewe jinsi unavyokuwa mzito asubuhi inayofuata mlo wa usiku wa manane. Madaktari wa meno nao hukubali kwamba kukwangua ulimi hupunguza harufu mbaya ya kinywa. Ukipenda mswaki wa mti, kijiti cha mwarobaini kinafaa, lakini usimeze mafuta yake wala usimpe mtoto, kwani yanaweza kumdhuru vibaya.

Fuatisha glasi moja ya maji vuguvugu. Maji ya visima vya kisiwani aghalabu yana chumvi, na hata ya mfereji yanahitaji kuchemshwa, kwa hiyo njia nyepesi ni kuyachemsha usiku pamoja na ya chai na kuyahifadhi kwenye chupa. Usitie asali ndani ya maji ya moto. Ayurveda inakataza waziwazi kuichemsha asali.

Ya tatu, na hapa ndipo panapohitaji maelezo, ni kujipaka mafuta mwilini kabla ya kuoga, jambo liitwalo abhyanga. Pwani hatufundishwi upya umuhimu wa mafuta. Mwanamke aliyejifungua hukandwa kwa siku 40, bibi harusi husingwa, na liwa husagwa kwenye jiwe la msio mpaka leo. Tofauti ni kwamba Ayurveda haiyangojei matukio hayo, bali hutaka mwili upakwe mafuta mara kwa mara, na mtu ajipake mwenyewe.

Tandika mkeka mkuukuu au khanga isiyovaliwa tena. Mimina vijiko vitatu hivi vya mafuta ndani ya chupa ndogo na uitumbukize kwenye bakuli la maji ya moto kwa dakika tano, mpaka ukiyagusa kwa kifundo cha mkono uhisi uvuguvugu. Kwa mwenye vata nyingi, na katika miezi ya kusi, tumia mafuta ya simsim yasiyokaangwa, yale ambayo wazee waliyaita mafuta ya uta. Kwa mwenye pitta nyingi, na wakati wa joto, mafuta ya nazi ndiyo yanayofaa. Mwenye kapha nyingi atumie kidogo sana, au ajisugue kwa kitambaa kikavu badala ya mafuta. Anza utosini ukishuka. Kwenye mifupa mirefu ya mikono na miguu pitisha kiganja kwa kwenda na kurudi, kwenye viungo kama magoti na mabega zungusha, na tumboni zungusha kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa, ambao ndio mwendo wa utumbo. Maliza kwa nyayo. Kaa dakika 10 hadi 15, kisha uoge kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo.

Vaa kandambili unapoingia bafuni, maana mafuta kwenye vigae ni hatari, na kabla ya kujimwagia maji jifute kwa ile khanga ili mfereji usizibe. Usijipake ukiwa na homa, tumbo likiwa limevurugika, ukiwa na kidonda au upele unaotoa maji, wala mguu uliovimba ghafla. Kama huna nafasi ya mwili mzima kila siku, na wengi hawana, paka nyayo, masikio kwa nje na utosi kwa siku sita, na mwili mzima siku moja ya mapumziko. Naiona ratiba hiyo ndogo kuwa bora kuliko kubwa isiyofuatwa.

Hatua ya nne: chakula

Kanuni iliyo juu ya zote ni kula mlo mkuu mchana, agni ikiwa kali, na kufanya mlo wa usiku uwe mdogo. Mombasa mambo huenda kinyume. Asubuhi ni chai na mahamri kwa haraka, mchana ni chipsi za kusimama, na usiku, baada ya Isha, ndipo wali, biriani, mishkaki na viazi karai vinapokutana. Ukibadili hilo peke yake, na usifanye lingine lolote katika mwongozo huu, utakuwa umefanya jambo kubwa. Si lazima ubadili kwa siku moja. Wiki ya kwanza hamishia mchana ile nyama ya usiku. Wiki ya pili punguza wali wa usiku hadi nusu. Wiki ya tatu usogeze mlo wenyewe uwe baada tu ya Magharibi, ili saa mbili au tatu zipite kabla ya kulala. Anayefanya kazi mbali na nyumbani abebe chakula kwenye kontena.

Kuhusu kiasi, maandiko ya kale ya Ayurveda hulipa tumbo theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji, na theluthi ibaki wazi. Wengi wetu tuliyasikia maneno hayohayo madrasa, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) alifundisha theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Msomaji anayeona ugumu kushika kanuni iliyotoka mbali na aishike kwa mlango huo.

Kisha kuna ladha sita, ambazo mlo kamili unatakiwa kuwa nazo zote: utamu, uchachu, chumvi, ukali, uchungu na ukakasi. Utazame mlo wa kawaida wa pwani. Wali wa nazi unaleta utamu, ukwaju au ndimu uchachu, pilipili ukali, na chumvi haikosi kamwe. Kinachopungua karibu kila siku ni uchungu na ukakasi. Dawa yake ni fungu la mchunga au mnavu kando ya wali, na pojo, komamanga au ndizi mbichi kwa ajili ya ukakasi. Hakuna haja ya kuagiza kitu kutoka ng'ambo.

Mlo ambao Ayurveda huutegemea mtu anapohitaji kupumzisha tumbo ni mchele na pojo zilizopikwa pamoja, nao pwani tunao kwa jina la mseto. Osha kikombe kimoja cha mchele na nusu kikombe cha pojo za kuparaza, uziloweke kwa nusu saa. Kwenye sufuria pasha kijiko kikubwa kimoja cha samli, utie nusu kijiko cha chai cha uzile mpaka upasuke, kisha kipande cha tangawizi kilichopondwa, robo kijiko cha manjano na chembe ya mvuje. Mvuje ndio unaoizuia gesi, na ukizidi kidogo tu huharibu chungu kizima, kwa hiyo chembe iwe chembe kweli. Tia mchele na pojo, ugeuze kwa dakika mbili, mimina vikombe vitano vya maji na uache uchemke kwa moto mdogo hadi uwe laini kama uji mzito. Chumvi huja mwisho. Ukizoea kutia tui la nazi, litie jepesi na dakika za mwisho. Kula mseto huu usiku mara mbili kwa wiki, na siku mojawapo iwe ile inayofuata harusi au karamu.

Mbaazi nazo huhesabiwa kuwa huongeza vata. Mtu wa Mombasa haachi mbaazi za nazi, wala sioni sababu ya kumwambia aziache: ziloweke usiku kucha, umwage maji yale, na uzipike kwa tangawizi na uzile. Jambo jingine linaloulizwa mara kwa mara ni samaki na maziwa, mchanganyiko ambao Ayurveda huukataza. Samaki wa kupaka hahusiki na katazo hilo, kwani tui si maziwa ya mnyama.

Baada ya mlo wa mchana, mahali pa soda weka chai ya mbegu tatu: uzile, giligilani na shamari, robo kijiko cha chai cha kila moja kwa vikombe viwili vya maji, ichemke dakika tano na kuchujwa. Nunua mbegu nzima, si unga. Katika maduka ya viungo yanayozunguka Marikiti, muuzaji mzuri hatakuzuia kuchukua punje chache za uzile na kuzisugua kati ya vidole viwili. Zikiwa mpya, harufu hupanda mara moja na vidole hubaki na unyevu wa mafuta. Zikiwa za zamani, utabaki na vumbi la kahawia lisilonuka kitu. Chukua kiasi cha mwezi mmoja tu, kwa sababu unyevunyevu wa mji huu huharibu viungo haraka, na uvitie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza.

Hatua ya tano: mwendo na pumzi

Ayurveda hushauri mazoezi kwa nusu ya nguvu zako, mpaka jasho litoke kwenye paji la uso na uanze kutaka kupumua kwa mdomo, kisha uache. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa kasi nusu saa kwa siku tano kunatosha. Wengi huchagua kutembea ufukweni Nyali au Bamburi, lakini hapo kuna mtego: saa za kupwa na kujaa husogea kwa takriban dakika 50 kila siku, hivyo desturi iliyofungwa kwenye mchanga uliokauka itahama saa kila siku na hatimaye itapotea. Wakati wa bamvua njia yenyewe huzama. Tembea mahali pasipotegemea maji, kama vile Mama Ngina au barabara ya mtaani kwako, na pwani iwe ni ziada. Rudi kabla ya saa 2 asubuhi, jua halijawa kali.

Ukirejea, kaa kitako upumue kwa pua, polepole, kiasi cha pumzi sita kwa dakika, kwa muda wa dakika tano.

Hatua ya sita: usiku

Lengo ni kuwa kitandani kabla ya saa 4 usiku, uzito wa kapha ukiwa bado unausaidia usingizi. Baada ya hapo huja kipindi cha pitta, na ndiyo maana anayepita saa hiyo macho hujikuta amechangamka na ana njaa. Kahawa chungu ya barazani ni sehemu ya maisha yetu, ila kafeini hubaki mwilini kwa saa nyingi. Kikombe cha baada ya Alasiri kinakubalika, cha baada ya Isha kinaiba usingizi. Muguka na miraa huuiba zaidi. Simu ichajiwe sebuleni. Paka nyayo mafuta kidogo, uzikande kwa dakika tatu na uvae soksi kuukuu ili shuka zisichafuke. Mwenye kufuata hatua hii moja kwa mwezi mzima ndiye atakayeona ulimi wa asubuhi ukibadilika.

Hatua ya saba: fuata pepo

Kalenda ya Ayurveda ina misimu sita ya India, na kuileta hapa kama ilivyo ni kujitafutia usumbufu. Tumia pepo zetu. Wakati wa kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, joto huipandisha pitta: punguza pilipili, achari na vitu vya kukaanga, ongeza madafu, tango na kotmiri, na jipake mafuta ya nazi. Mwenye ugonjwa wa figo aulizie kwanza habari ya madafu, kwa kuwa yana potasiamu nyingi. Mvua za masika zikishika, Aprili hadi Juni, agni hudhoofika. Huo ni wakati wa chakula cha moto kilichopikwa saa ileile, tangawizi, pilipili manga, na kuacha maziwa ya mgando usiku. Kusi inapovuma kavu na baridi, Juni hadi Septemba, vata hupanda: samli, mseto, supu, na mafuta ya simsim. Utajua msimu umefika pale chupa ya mafuta ya nazi inapoanza kuganda alfajiri, kwani mafuta hayo hushikana joto likishuka kwenye nyuzi 24 hivi. Vuli ni mchanganyiko wa joto na mvua fupi, nawe fuata kinachotawala wiki hiyo.

Muhimu kuliko yote ni maleleji, siku pepo zinapobadilishana na mafua kutapakaa mitaani. Ayurveda huwa na wiki mbili za mpito kati ya msimu na msimu, ambapo desturi za zamani huachwa kidogo kidogo na mpya kuingizwa vivyo hivyo. Mbali na mabadiliko hayo ya msimu, katika wiki hizo usianze jambo jipya.

Ramadhani

Mlo mkuu wa mchana hauwezekani katika mwezi huu, na hakuna sababu ya kuivunja programu nzima kwa ajili yake. Fungua kwa tende na maji yasiyo ya barafu, uswali Magharibi, kisha ule uji au supu na futari ya kiasi. Vya kukaanga viwe kionjo. Mlo wa kutegemewa uwe daku, chakula cha kupikwa chenye samli kidogo, pojo au mayai, badala ya chai tupu. Ukwanguaji wa ulimi hufanyika baada ya daku, kupaka mafuta huhamia kabla ya kulala, na matembezi yakae baada ya Tarawehe. Mwenye kisukari apange dawa zake na daktari kabla mwezi haujaandama.

Kuhusu dawa za kununua

Kila kilichoelezwa hapo juu kinatoka jikoni na sokoni. Vidonge na unga vinavyouzwa kwa jina la Ayurveda ni jambo tofauti linalohitaji tahadhari kali. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulipima bidhaa 193 za Ayurveda zilizonunuliwa kwa njia ya intaneti, na karibu moja kati ya kila tano ilikuwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki. Baadhi ya dawa za mapokeo hayo hutiwa madini kwa makusudi. Usinunue kitu kisicho na jina la mtengenezaji na orodha ya vilivyomo, hakikisha kimesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, na usimpe mtoto wala mjamzito. Ashwagandha, mzizi unaouzwa sana kama dawa ya Ayurveda, na vidonge vya manjano yaliyokolezwa vimehusishwa na madhara ya ini kwa baadhi ya watumiaji. Manjano ya kutia kwenye mchuzi hayamo katika onyo hili.

Unapoacha na kurudi

Msiba, mgeni kutoka bara, mtoto mgonjwa: siku zitakatika. Utafiti ule wa London ulionyesha kwamba kukosa siku moja hakukuathiri sana ujengaji wa tabia. Kwa hiyo usifidie kwa kufanya mara mbili kesho yake, wala usingoje Jumatatu au mwezi mpya. Rudi kwenye nguzo inayofuata: ukikosa ya Alfajiri, anza na chai ya mbegu baada ya mlo wa mchana. Ukikosa zaidi ya wiki nzima, rejea kwenye ulimi na maji peke yake kwa siku saba kabla ya kuongeza mafuta. Ikiwa desturi fulani imekatika mara tatu mfululizo mahali palepale, ihamishie kwenye nguzo nyingine ya siku, na uandike katika daftari ni kitu gani kilichokuwa kikiikata.